Shazia ya Mama Kunegunda, Mwaka Mmoja Bila Amedeus

Ni mwaka sasa, Amedeus, tangu mashine ya kusaga ya Mjimwema pale Songea ibaki inanguruma bila mtu wa kuipigia mluzi.

Wenzetu wakiandika kumbukumbu huweka picha na mistari mitatu, wamemaliza. Sisi tumeshindwa. Kwanza picha yako nzuri hatuna. Katika zote umefumba macho au umetanua vidole usoni kama mtu anayefukuza nzi. Pili, wewe mwenyewe hukuwahi kusema jambo likaisha kwa mistari mitatu. Tatu, kuna habari ya mama yako na shazia yake, na hiyo hatukubali uje uisikie kwa watu baki.

Kwa msomaji asiyetufahamu, shazia ni ile sindano kubwa ya kushonea magunia. Mama yako Kunegunda aliichomeka kwenye upindo wa kitenge miaka yote tunayomjua, na wewe ulituacha hamjaelewana juu yake. Hilo ndilo lililomkaa rohoni mwaka mzima.

Lakini tuanze na wewe. Ulikuwa mrefu, mwembamba, mweupe kwa unga kuanzia kope mpaka kandambili. Bibi akifika mashineni na beseni lake la mahindi, ulimwamkia shikamoo, ukalipokea beseni na kumpitisha mbele ya foleni, na vijana wakinung'unika uliwauliza kama kwao hakuna bibi. Unga uliobaki mdomoni mwa mashine ulimfungia yule mama jirani mwenye watoto wengi na mume wa kuja na kuondoka. Togwa ulikunywa kana kwamba kesho itapigwa marufuku. Na ulikuwa mbishi, mwanetu, usidhani kufa kumekufutia hilo. Babu yako Athanasi alikuwa akisema ukimtembelea jioni moja yeye huamka na koo limekauka, kwa kubishana tu.

Muziki wako sisi wazee tuliuita wa kufokafoka, nawe ukaudhika. Wewe na Azizi, kijana wa Tunduru uliyepanga naye chumba, kundi lenu mliliita Mjimwema Posi, na wewe ukawa Amedi Mashine. Studio hamkuwa nayo. Mlikuwa na redio kaseti ya Azizi yenye deki mbili, mkikata biti na kuiunga kipande kwa kipande mpaka kidole cha Azizi kikaota sugu. Redio za Dar es Salaam hazikuwajua, nanyi mlijivunia hilo. Mlisema ninyi ni andagraundi. Shangazi yako Getruda akauliza, kama mko chini ya ardhi mbona kelele zinamfikia yeye huku kijijini kwetu Maposeni.

Ila mlichokifoka kilikuwa na maana, na hata waliowacheka walikuwa wanasikiliza. Wengine waliimba wasichana na magari. Wewe uliimba ushirika uliokufa ukaacha maghala matupu, mgonjwa anayeambiwa aje na sindano yake mwenyewe, mheshimiwa anayegawa fulana wakati wa kura na kupotea kabla fulana haijapauka. Mtendaji alipokuita ofisini ujieleze, ulikwenda umechomekea shati, ukaamkia vizuri, ukaulizwa ni maneno gani hayo unayoyaimba kwenye disko toto. Ukamwimbia yote, ubeti kwa ubeti, mikono nyuma kama mtoto wa shule. Akakuambia uende na usirudie tena. Ulipofika mlangoni akakuita. "Ule wa fulana," akasema, "hebu urudie."

Hadithi hiyo uliipenda sana, na kila ulipoisimulia mtendaji alizidi kunenepa.

Sasa tuje kwenye lililowakosanisha wewe na mama yako. Ushirika ulipokufa, mahindi ya Maposeni yalilala majumbani mpaka yakaingia dumuzi. Ndipo akaja Bwana Isidori na lori lake kutoka Songea mjini. Hatutamsema vibaya kuliko anavyostahili. Alikuja wakati hakuna mwingine anayekuja, aliwajua watoto wetu kwa majina, na alilipa papo hapo. Ila gunia lake lilikuwa lumbesa. Unajaza debe sita mpaka mdomoni, unaongeza mbili juu ya mdomo, unazifunga kwa wavu wa kamba mpaka gunia linavaa kilemba, na bei inabaki ile ile ya gunia moja. Ndiyo soko huria hilo tuliloambiwa tushangilie.

Kilemba cha gunia hakijishoni chenyewe. Kinataka mkono wenye nguvu na jicho, na Maposeni nzima hakuna aliyeshona kilemba kikatulia kama mama yako. Lori likifika, aliitwa yeye kwanza. Kwa mkono huo alikulea baada ya baba yako kufariki, na kwa mkono huo dada yako Noela anasoma sekondari. Wewe uliyatazama yale magunia ukaona wizi. Yeye aliyatazama akaona ada ya Noela. Hakuna aliyekuwa anaota kati yenu, na hapo ndipo ugumu ulipoanzia.

Biti ya wimbo ule uliichukua uani kwake mwenyewe. Mwaka juzi ulikuja na redio ya Azizi ukasema unataka kunasa sauti ya fimbo zikipiga mahindi kichanjani. Mama yako akakaza mkono, kwa sababu ulimwambia hakuna anayepiga vizuri kama yeye. Alifurahi. Aliwasimulia hata akina mama wa jumuiya kwamba mwanawe amerekodi fimbo yake.

Mwaka jana, mwanzo wa msimu, akaalika majirani kuja kupiga mahindi. Togwa imeiva, watu wamejaa uani, nawe ukashuka na Azizi, redio begani, unacheka peke yako. Ulitaka kumfanyia mama yako jambo la kumfurahisha na hukumdokeza mtu. Ukabonyeza kitufe, fimbo za mwaka juzi zikaanza kulia ndani ya redio, kisha ukaingia wewe:

"Soko huria, huria kwa nani?
Gunia lina kilemba, mkulima hana kofia juani.
Debe sita tumboni, mbili juu ya mdomo,
Mwenye lori anapanda, mwenye jembe yuko ukomo.
Mama, weka shazia chini.
Mama, weka shazia chini.
Wakilipima kwa haki wachukue, wakikataa libaki nyumbani."

Hapo ulikosea, Amedi, na kosa lenyewe ni la mtoto wa kwetu aliyekaa mjini mno. Kwenye kualikana, wimbo hautaji mtu bure. Anatajwa mvivu, anatajwa mwizi wa kuku, anatajwa mke anayewanyima wakwe chakula, na anayetajwa anajua amesemwa mbele ya kijiji. Dawa yake ni moja. Akubali, anywe kibuyu cha kwanza cha togwa, na auongoze wimbo yeye mwenyewe. Tangu hapo wimbo ni wake na hakuna wa kumchokoza nao. Asipokubali, wimbo unamfuata mpaka kisimani. Ulikua ukiyaona hayo. Siku ile uliyasahau, au ulidhani kaseti haihesabiwi.

Mama yako alisimama na fimbo mkononi. Watu wakamtazama yeye, si redio. Shangazi yako Getruda akamsogezea kibuyu, nusu utani nusu huruma. Hakukipokea.

"Umenitaja," akakuambia.

"Mama, sijakusema wewe. Ni akina mama wote."

"Wenye shazia hapa Maposeni ni wangapi?"

Azizi akazima redio.

"Naitwa mwizi na mtoto niliyemnyonyesha," akasema, "watu wanakunywa togwa yangu."

"Mwizi ni mwenye lori, mama. Wewe unaibiwa, halafu unamshonea."

"Na nikiiweka chini, nani atanunua? Wimbo wako unanunua mahindi?"

Hukuwa na jibu. Kwa mbishi kama wewe, hilo lilitutisha kuliko kelele.

Mama yako akikasirika hurudi kwenye Kingoni, na wiki nzima ile hatukusikia Kiswahili nyumbani. Kaseti nayo ikatembea. Wenye mabasi ya Namtumbo wakainakili, wasukuma mikokoteni wa sokoni wakaikariri, na watoto wa Maposeni wakamwimbia mama yako njiani kisha wakakimbia. Kote huko ulisifiwa, na nyumbani kwenu ilikuwa aibu. Jumapili ulikuja kama kawaida. Alikupakulia ugali na dagaa wa Nyasa, fungu lako kubwa kuliko la wote, na shazia ikiwa pale pale kwenye upindo wa kitenge. Mlikula mkitazama sahani. Siku moja ulimwambia utarekodi upya, uliondoe neno mama.

"Maji yakimwagika hayazoleki," akakujibu. "Kula."

Mwezi wa nane malaria ikakupanda kichwani. Azizi alikubeba mgongoni mpaka hospitali, na mama yako akafika kutoka Maposeni na nguo za shambani, vumbi miguuni. Ulifumbua macho ukaiona shazia.

"Mama," ukasema, "ifiche hiyo. Nesi atadhani umekuja kunidunga wewe."

Alicheka huku analia. Akaichomoa, akatafuta pa kuiweka, hakupaona, akairudisha kwenye kitenge. Akakushika mkono. Kesho yake asubuhi ulikuwa umekwenda.

Hilo ndilo lililomtafuna, na tunalisema bila kuona haya kwa sababu hata yeye halifichi. Alikuwa nayo mkononi, wewe unamtazama, na hakuiweka chini. Tulimwambia mara nyingi kwamba ulikuwa unatania, kwamba mgonjwa anayetania hana kinyongo. Alitusikiliza kwa heshima zote na hakukubaliana nasi hata kidogo.

Aliyekuleta nyumbani Maposeni ni Bwana Isidori. Alipopata habari alishusha mzigo wake, akafagia lori, akaendesha mwenyewe taratibu njia nzima, na habari ya kumrudishia dizeli hakutaka kuisikia. Yule uliyemfokea ndiye aliyekubeba. Mama yako alimshika mikono yote miwili. Nawe Amedi, popote ulipo, unapaswa kulijua hilo, maana wimbo wako haukuwa na ubeti wa namna hiyo.

Makaburini Azizi, ambaye kwa kabila ni mtani wetu, alisimama mbele ya shimo akatuzuia. Macho yake yalikuwa mekundu. Akalitazama jeneza, akakumbuka urefu wako, akasema, "Jeneza hili limepunjwa. Mwiteni mama Kunegunda alishonee kilemba." Watu waliangua kicheko katikati ya kilio, na padri akageuka upande mwingine kidogo. Mama yako naye alicheka, kisha tukamkalisha chini. Alisema baadaye kwamba bila utani ule asingeweza kurudi nyumbani kwa miguu yake.

Basi mwaka ukapita. Mahindi yakaota, yakakomaa, yakakauka, na lori likaja tena. Hiyo ndiyo habari tuliyotaka kukupa.

Ilikuwa wiki iliyopita. Mama yako alikuwa amealika watu, na Azizi amekuja kusaidia, maana tangu ufe haupiti msimu asioshika jembe letu. Bwana Isidori akaingia uani na vijana wake na nyavu za kamba. Akasalimia vizuri, akatoa pole ya mwaka, akauliza kaburi litajengewa lini ili naye atoe saruji. Kisha akasema, "Haya, mama Amedi. Tunaanza na wewe, kama siku zote."

Mama yako akajaza gunia debe sita. Akakunja mdomo, akachomoa shazia, akaushona mdomo moja kwa moja, kushoto kwenda kulia, akakata kamba kwa meno.

"Bado," Isidori akasema.

"Limejaa."

"Mama Amedi, hilo ni gunia la mtoto."

"Ni gunia la debe sita. Lipime."

Vijana wa lori wakatazamana. Fimbo zikapungua kichanjani, moja moja, mpaka zote zikanyamaza. Bwana Isidori akamsogelea, akashusha sauti kama mtu anayesema na mgonjwa. Tulimsikia hata hivyo.

"Mama Amedi, lori hili lilimbeba mwanao."

Shangazi yako Getruda anakiri kwamba hapo alikaza fimbo, na si kwa ajili ya mahindi. Mama yako aligeuka. Tulimwona akilitazama lile lori, sakafu yake, pale ulipolala. Tukajua tumeshindwa, maana ni nani angeweza kulijibu neno kama hilo.

"Lilimbeba," akasema, "na nitakushukuru mpaka nami nifukiwe. Lakini shukrani zangu nitakupa kwa mdomo, Bwana Isidori. Usizitafute juu ya gunia."

Kisha akachomoa uzi uliobaki kwenye shazia. Akainama, kwa tabu, unajua mgongo wake. Akailaza mavumbini mbele ya miguu ya Isidori na mbele yetu wote, akainuka mikono mitupu. Biasha wa jirani, mshonaji wa pili hapa kwetu, naye akaweka yake kando ya ile.

"Azizi," mama yako akaita. "Ile kaseti unayo?"

"Ninayo, mama. Naogopa tu kukuudhi."

"Iweke. Kama nimetajwa, nimetajwa."

Azizi akabonyeza kitufe. Fimbo za mwaka juzi zikalia redioni, na za uani zikazijibu bila mtu kuamrisha. Ukaingia wewe, Amedi, na ule ubishi wako. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yako hapa tangu tukuzike, na wengi tulifunika nyuso. Shangazi Getruda akakisogeza kibuyu, kile kile cha mwaka jana. Mama yako akakipokea. Akanywa mpaka chini, akafuta midomo kwa kiganja, na kiitikio kilipofika akakiongoza yeye.

Aliimba vibaya, tusidanganyane. Aliimba kikwaya, akivuta maneno kama yuko kanisani, akichelewa biti kila mara mpaka Azizi akaizima redio na kumwachia fimbo peke yake. "Mama, weka shazia chini," akiimba yeye, akijiambia mwenyewe, machozi yanashuka mpaka kidevuni, na akina mama wakiitikia. Azizi alisema kwamba katika maisha yake ya kufokafoka hajawahi kusikia mtu akiuimba vile, na akamwomba Mwenyezi Mungu akufikishie.

Bwana Isidori alisikiliza mpaka mwisho. Hakutukana mtu. Alikunja nyavu zake, akasema haya basi, akaondoka na lori tupu. Hatujui kama atarudi. Magunia yamejaa sebuleni mpaka dirishani, na watakaokuja kutuona siku ya kumbukumbu watayakalia hayo hayo, maana viti havina pa kukaa. Ada ya Noela ya muhula ujao hatujui itatoka wapi. Mama yako ana hofu na hatutakuficha, wewe ndiye uliyeianzisha. Lakini watoto wakimwimbia njiani sasa anawaitikia, nao wamekosa sababu ya kukimbia.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili parokiani, kisha tutakwenda kaburini pamoja. Azizi atasoma dua yake pembeni, na amesema huko juu watajua wenyewe namna ya kuziunganisha dua na misa.

Unakumbukwa na babu yako Athanasi, anayelala mapema siku hizi kwa kukosa wa kubishana naye. Unakumbukwa na shangazi yako Getruda, na dada yako Noela aliyeyaandika haya huku sisi tukimsahihisha. Unakumbukwa na Azizi, na Mjimwema Posi yote, na mabibi wote uliowapitisha mbele ya foleni. Na unakumbukwa na mama yako Kunegunda. Tulimwuliza tuandike nini kwa niaba yake. Alipapasa upindo wa kitenge mahali palipobaki tundu.

"Mwambieni nimeiweka," akasema.

Kila msimu fimbo zikianza kulia kichanjani, Amedeus, wa kwanza kutajwa utakuwa wewe.